Watoto wamekariri igizo, lakini hawaigizi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya serikali wilayani Chamwino. Mwaka huu nimepangiwa Sanaa na Michezo, somo ambalo sikulisomea. Nina watoto 84 katika mkondo mmoja, hatuna ukumbi, na mwalimu mkuu anataka darasa langu litoe igizo siku ya mahafali ya darasa la saba, wiki sita zijazo. Nimeandika igizo la kurasa nne kuhusu mazingira. Wameshalikariri, lakini wakisimama wanakuwa kama roboti: mikono nyuma, macho darini, sauti moja kwa wote. Wanaoweza ni walewale watano. Kuna mtoto mmoja wa kike hajatoa neno darasani tangu Januari. Je, uigizaji unafundishika au ni kipaji tu? Nifanye mpango wa kwenda kusoma chuo cha sanaa Bagamoyo?"

Marahaba, mwalimu. Na mbukwenyi, kwa Kigogo, maana uko Chamwino na wengi wa watoto wako ndivyo wanavyoamkia nyumbani.

Hizo kurasa nne zifungie kabatini kwa wiki tatu. Sijazisoma, huenda ni nzuri. Lakini mtoto wa miaka minane au tisa ukimpa maneno kabla hujampa jambo la kufanya, atayatendea vile anavyoyatendea maneno yote ya mwalimu: atayashika kichwani na kukurudishia yote kama yalivyo. Kusimama mikono nyuma tumewazoesha wenyewe, kila wanapojibu swali. Hapo hawajakosea kitu. Wanakuheshimu.

Kesho fanya jaribio dogo. Chukua wawili kati ya wale watano. Mvute wa kwanza pembeni, mnong'oneze abadili sentensi yake bila mwenzake kujua. Kama kwenye igizo lako anauliza, "Kwa nini umekata mti?", mwambie safari hii aseme, "Mama yako anakuita nyumbani." Wa pili atajibu, "Nimeukata nichome mkaa," kwa sauti ileile, macho yaleyale darini. Darasa litaangua kicheko, naye hatajua wanacheka nini. Basi ugonjwa umeuona: hakuna anayemsikia mwenzake. Kila mmoja anasubiri mwingine anyamaze ili aseme ya kwake. Mengine yote uliyoniandikia yanatoka hapo, na ukiyashughulikia mojamoja, "shusha mikono, mtazame mwenzako, paza sauti", utapata roboti aliyeshusha mikono.

Sauti hiyo moja naijua. Ni ya ngonjera tunazowasimamisha watoto kughani kila mgeni akija shuleni. Inanisikitisha kidogo, kwa sababu aliyeipa ngonjera jina nchini ni Mgogo wa hukuhuku Dodoma, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969. Zisome ngonjera zake uone zilivyojaa ubishi. Mmoja hajaelewa, anauliza, anapinga. Mwingine anamjibu, naye anarudi na pingamizi jingine, mpaka wanaafikiana. Ubeti unaokuja unaudaka uliotangulia. Sisi walimu tukachukua vina na mizani, ubishi tukauacha, tukawagawia watoto beti kama tunavyogawa madaftari. Kwa hiyo usidhani nakupeleka ugenini. Wiki tatu za mwanzo ni za kuurudisha ule ubishi.

Anza na mnada. Hakuna mtoto wa Chamwino asiyeujua, na hata watoto wa watumishi waliohamia na serikali wameshapelekwa mnada wa Msalato kula nyama. Watoe nje chini ya mti, wapange wawiliwawili, jozi 42, wote wacheze kwa wakati mmoja. Mmoja anauza mbuzi, mwingine ananunua. Mbuzi hayupo. Sharti ni hili: mnunuzi hatoi hela mpaka amkague mbuzi na kumwona kasoro, na muuzaji lazima aijibu kasoro hiyohiyo aliyotajiwa. Usiwape neno jingine. Dakika tatu, piga filimbi, wabadilishane.

Utaona faida ya kucheza wote kwa pamoja. Pasipo watazamaji hakuna wa kucheka, na aibu inakosa pa kukaa. Kelele itakuwa kubwa, hivyo mwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani. Na kabla ya mnada wafundishe kuganda: filimbi ikilia, kila mtu anabaki alivyo kama sanamu, mguu hewani kama ulikuwa hewani. Zoezi hilo likihitaji kipindi kizima, lipe. Watoto 84 wasioganda hawafundishiki nje ya darasa, nakwambia kwa kuumia.

Nakumbuka mvulana mmoja kule Hombolo, mdogo wa umbo, kaptula imeshikwa na kamba. Alipiga goti, akambana mbuzi asiyekuwepo chini ya kwapa, akapenyeza kidole gumba pembeni ya taya, akafunua mdomo na kuinama kutazama meno ya mbele ya chini, maana ya juu mbuzi hana. Akahesabu kimoyomoyo. Akasimama, akajifuta mate ya mbuzi kwenye kaptula, akasema taratibu, "Huyu bibi kizee." Muuzaji, mtoto ambaye mwalimu wake alikuwa ameniambia hafai kwa lolote, aliruka juu: "Bibi kizee? Jana kazaa mapacha!" Hakuna aliyewaandikia. Macho yalikuwa kwa mwenzake, mikono ilikuwa na kazi, na sauti ilipanda yenyewe kwa sababu mbuzi wake ametukanwa. Nikasahau kupiga filimbi.

Hapo ndipo nilipo kuhusu swali lako la kipaji. Wapo watoto wanaozaliwa nacho, kama wapo wanaozaliwa na mbio. Lakini kumsikia mwenzako na kumjibu hufundishwa, na mtoto anayeweza hilo ameshaingia kwenye uigizaji, awe na kipaji au asiwe nacho. Wale watano wako, nakuonya, ndio watakaokusumbua. Wameshazoea kusifiwa kwa kukariri, na watachukia mchezo usio na jibu sahihi. Wafanye wawe mbuzi. Mbuzi hana maneno, ila lazima amjibu anayemshika.

Namna hii ya kumpa mtoto tatizo alitatue ilijengwa hasa na Viola Spolin wa Chicago, Marekani. Alifanya kazi na watoto wa mitaa ya wahamiaji, kila nyumba na lugha yake, akaona kwamba mchezo wenye sharti moja linaloeleweka unawavusha pale maelezo ya mwalimu yanapowaacha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963 na walimu wanakitumia mpaka leo. Kwako wewe maana yake ni kwamba usimwambie mtoto "onyesha huzuni". Atakunja uso tu. Mwambie, "Ndama amebaki ng'ambo ya korongo, maji yanajaa, na baba anarudi saa hizi." Huzuni ikitaka kuja itakuja.

Na lugha je? Wakiwa kwenye jozi wakaanza kubishana kwa Kigogo, waache. Najua tunafundisha kwa Kiswahili, na igizo la mahafali litakuwa kwa Kiswahili. Lakini mtoto anayetafuta msamiati hawezi wakati huohuo kumtafuta mbuzi. Raundi ya kwanza kwa lugha ya nyumbani, ya pili wakiwa wameshajua wanagombania nini, kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kitakuwa hai zaidi, utaona. Yule asiyejua Kigogo mpe nafasi ya mnunuzi mgeni aliyetoka mbali; bei yake itapandishwa bila huruma, na atajifunza haraka.

Sasa huyo binti asiyesema. Kabla hujamfanya somo la sanaa, mtazame wakati wa mapumziko. Anacheza rede na wenzake na kupiga kelele? Basi kilichomfunga mdomo ni darasa. Hasemi hata huko? Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida uone kama anageuka. Nimekutana na watoto zaidi ya mmoja walioitwa wakaidi au wazito kumbe masikio hayasikii vizuri, na dawa ilikuwa kituo cha afya, siyo maigizo. Zungumza na mzazi pia.

Kama anasikia, jaribu njia ya Dorothy Heathcote, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kuanzia 1926 hadi 2011 na kuanza maisha ya kazi kiwandani kwenye nguo za sufu. Yeye aliingia ndani ya igizo pamoja na watoto, na mara nyingi aliingia kama mtu asiyejua kitu. Chukua kitenge. Waambie watoto: nikijifunga hiki kichwani mimi ni mgeni, nikikivua mimi ni mwalimu wenu. Kisha jifunge, toka nje ya duara, rudi ukihema. Umepoteza mbuzi saba, hujui njia za hapa, mume atakuua, na jua linazama. Wao ndio wenyeji. Nyamaza. Unyamaze kwelikweli, hata ikiwa sekunde ishirini zinakuwasha, maana mwalimu akinyamaza watoto hawaamini mwanzoni. Wataanza kukuelekeza. Uliza maswali ya kijinga. Mfuate yule binti umwonyeshe mikono miwili, ukiuliza ni njia ipi, hii au ile. Asiposema atanyosha kidole, nawe ukifuate kidole chake mpaka mwisho wa uwanja, mbele ya watu wote, na huko uwapate mbuzi. Usimpongeze. Usimgeukie na kusema "haya, leo umeshiriki vizuri!" Mshukuru kama mgeni anavyomshukuru aliyemwokoa, vua kitenge, endelea na kipindi. Mtoto aliyefungwa na darasa haweki mdomo wazi mbele ya mtu anayejua jibu tayari. Anaweza kuufungua kwa mtu aliyepotea. Inaweza kuchukua siku moja au muhula mzima.

Habari ya kuvua kitenge isikupite, nami nikueleze kwa nini. Miaka mingi nyuma, katika shule moja nisiyoitaja, nilimpa mtoto uhusika wa mwizi wa kuku. Alicheza vizuri mno. Watu walicheka mpaka machozi, nikawa na fahari, tukaondoka. Niliporudi muhula uliofuata nikamkuta anaitwa Mwizi. Uwanjani Mwizi, bombani Mwizi, na kalamu ikipotea darasani macho yote kwake. Aliacha kuja siku za somo letu, baadaye siku nyingine pia. Lile kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sifungi kipindi bila kuvua. Chora duara la chaki au la fimbo ardhini. Kila aliyekuwa mtu mwingine anaingia, anakung'uta mabega, anataja jina lake halisi na chakula anachokipenda, anatoka. Inaonekana utoto. Fanya tu. Na wabaya wa igizo wasiwe walewale kila mara. Leo mwizi, kesho diwani. Wasichana nao wasiwe akina mama wapika ugali tangu mwanzo wa igizo mpaka mwisho.

Jambo jingine la hatari ni kumwambia mtoto aigize yaliyomkuta. Kuna wakati wadau wanakuja shuleni wakitaka igizo la ukatili kwa watoto, na mwalimu anamchagua mtoto "anayeijua hali hiyo". Usikubali. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitafuta wenyewe matatizo yao na kuyatengenezea michezo ya kuigiza, na kazi hiyo iliwafungua wengi. Lakini wale walikuwa wakubwa zaidi, na wao ndio waliochagua la kusema. Wa darasa la tatu mpe fisi, sungura, mnada, mvua iliyochelewa. Likimponyoka jambo zito katikati ya mchezo, usilikuze pale na usimhoji mbele ya wenzake. Maliza kipindi, lifikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na ustawi wa jamii; namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

Sasa twende kwenye mahafali, maana najua mwalimu mkuu anakuuliza kila asubuhi.

Wiki ya nne ndipo unashika kalamu. Unaandika walichokwisha kusema, wewe ni karani wao. Mazingira yako hayajapotea. Mnada unafanyika chini ya mti mmoja mkubwa, weka mkwaju. Mti huo ni watoto kumi waliosimama wamekumbatiana, mikono juu. Chini yake watu wanauza, wananunua, wanagombana, wanalala. Anakuja mtu na kununua kitu kisichouzwa mnadani: anaununua mti, kwa mkaa. Nani aliuuza? Hapo kuna ubishi wa kutosha, waache watoto wabishane mpaka wapate jibu lao. Kisha matawi yanaondoka, mtoto mmoja mmoja, kimya, huku biashara inaendelea. Mnada unaofuata watu ni walewale, bei zilezile, na kila mtu ameweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Igizo liishie hapo. Mtoto asigeuke kwa wageni kusema, "Kwa hiyo ndugu wazazi, tutunze mazingira." Wazazi wa Dodoma wanajua jua, watakuwa wamelikalia tangu saa tatu. Mwalimu mkuu akililia ujumbe, mwambie mgeni rasmi atautoa kwenye hotuba.

Dakika kumi zinatosha. Watoto waliobaki ni watu wa mnada, mifugo, na upepo. Kama kuna mama jirani anayejua muheme, mwombe aje na ngoma yake, ile inayobanwa kati ya mapaja. Mdundo wake utawaambia watoto lini mnada umechangamka na lini mti unaanguka, bila wewe kupunga mkono kutoka pembeni.

Mahafali yenu yanaangukia kiangazi, vumbi na upepo. Watu wengi hupanga viti kufuata kivuli wakasahau upepo. Siku moja kabla, saa ileile ya tukio, rusha vumbi kidogo hewani uone linaelekea wapi. Waigizaji wakae upande upepo unakotoka, hadhira upande unakokwenda, na sauti itabebwa. Jua lisiwe machoni mwa watoto wala nyuma yao moja kwa moja, maana hadhira itaona vivuli vyeusi tu.

Kuhusu kupaza sauti, usiseme "pazeni". Watapayuka, na kufikia siku yenyewe wamekauka koo. Nenda nao uwanjani, kila mmoja aupelekee mlingoti wa bendera jina lake, akiwa amesimama hatua tano, kisha kumi, kisha ishirini. Wachungaji wadogo ndio walimu hapa. Mtoto aliyezoea kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo anaijua pumzi ya tumboni kuliko wewe na mimi, mwanangu. Mweke mbele awaonyeshe wenzake.

Bagamoyo nenda, ukipata nafasi na ruhusa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981 na sasa ndicho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mtu hurudi na mengi kutoka kule. Ila usingoje. Bagamoyo nao walichota huku: marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba (ala inayopigwa kwa vidole gumba), ni mtu wa Dodoma aliyefundisha pale, na alivyovipeleka alivikuta kwao. Likizo ijayo kaa na mzee mmoja anayejua kusimulia, umtazame anavyoibadili sauti fisi akifika njia panda, na hasa umtazame anavyosubiri wasikilizaji waitikie kabla hajaendelea. Hicho ndicho unachotaka darasani.

Mwisho, gharama za maleba, yaani mavazi ya igizo, zisikutishe. Usishone kitu. Kofia tatu, kitenge kimoja, koti la zamani la mtu mzima, na fimbo ya kuchungia. Fimbo ikatwe ncha na isizidi urefu wa goti la mtoto, kwa sababu mnadani kuna siku mtu atakasirika kweli.